Nguo za Bibi Mpya wa Upyani

Njia ya kwenda Upyani siielezi. Anayetaka kufika hufika, na asiyetaka, hata umwelekeze kwa kidole atapotea. Naanzia langoni.

Langoni pa Upyani hawaulizi unatoka wapi wala umebeba nini. Palikuwa na askari mmoja mnene, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Unamwonea nani wivu?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia mimi mpita njia.

"Hata mpita njia ana wake," akasema. "Nchi hii Mwenye Nyumba wetu ni mwenye wivu. Asiye na wivu hajui kupenda, na asiyejua kupenda tunamrudisha alikotoka. Haya, nani?"

Hapo sikuwa na haja ya kufikiri. "Mke mwenzangu."

"Yuko hai?"

"Alikufa kabla mimi sijaolewa."

Askari akainuka kwenye kinu chake, akaniangalia upya kwa heshima. "Marehemu! Huo sasa ndio wivu. Jina lake nani?"

"Simtaji."

"Na mumeo je?"

"Mbele yangu hamtaji."

"Dada, ingia," akasema, akafungua lango mbawa zote mbili. "Wewe hapa si mgeni. Ni kuchelewa tu ulichelewa."

Nikaingia, na nakiri nilifurahi. Nyumbani kwetu wivu wangu huitwa roho mbaya. Pale ulipokewa kama cheti.

Upyani kila kitu ni kipya kwa jina. Kuna chemchemi ambayo mawe yake yamelika kwa magoti ya watu mpaka yameingia ndani kama mabakuli, nayo inaitwa Kisima Kipya. Kuna nyumba ya ibada ambayo kuta zake ni za mawe ya nakshi, ila nakshi zimegeuziwa ndani ya ukuta, na upande wa nje umepakwa chokaa. Ukipita mvua ikiwa imenyesha, chokaa inabanduka na unaona kisigino cha mtu aliyechongwa, au pembe ya ng'ombe, kabla mafundi hawajafika mbio na ndoo.

Nilifikia kwa mwanamke mfinyanzi anayeitwa Sikitu. Mumewe alikuwa mbali na mifugo, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa, ya kukaribia. Alinipa kona ya kulala karibu na jiko. Upande wa pili wa uwanja alikaa wifi yake, dada wa mume, jina lake Mwanjaa. Mwanjaa alikuwa mtu mzima, mchapakazi, na hakuwa na mtoto. Ndiye aliyekuwa akifua na kukunja nguo ndogo ndogo za mtoto anayekuja. Nilimtazama anavyozikunja. Alizikunja taratibu mno, halafu akazikunjua, akazikunja tena. Mimi mikono ya namna ile naijua. Nyumbani kwetu liko sanduku la marehemu, na mimi ndiye ninayeanika nguo zake zisishike uvundo.

Siku moja tukichambua mboga nilimwuliza Sikitu, huyo anayezibwa kwa chokaa ni nani. Akatazama kushoto na kulia. Akavuta chungu kitupu, akaingiza uso ndani, akasema, "Nandewa," akafunika haraka na kifuniko. Ndivyo wanavyofanya. Jina lile hutajwa ndani ya chungu tu, na chungu hicho siku hiyo hakipikiwi.

"Katika mabaraza anaitwa Asiyekuwepo," akasema. "Lakini alikuwepo, mgeni wangu. Alikuwa pale chemchemini, sanamu la mti, mama amekaa ananyonyesha. Watu walimpelekea maziwa. Siku jua linapogeuka na kuanza kurudi, waliwasha taa na kumtoa nje aone. Kisha wakaja Wajumbe, na habari ya Mtoto aliyekufa akaamka."

"Wakamtoa kwa nguvu?"

"Wangemtoa kwa nguvu zipi? Walikuwa wachache, maskini, wanakula pamoja na wajane. Watu wa huyu," akagonga kifuniko cha chungu, "ndio waliowapiga na kuwatupa mashimoni. Bibi mmoja wa ukoo wetu, wa zamani sana, alimficha Mjumbe mmoja kwenye ghala la mtama. Ila wajukuu wa Wajumbe walipokalia kiti, wakaona watu hawaachi kwenda chemchemini. Basi wakamleta yule mama katika nyumba ya ibada, wakamvalisha nguo, wakasema huyu sasa ni Bibi Mpya, mama wa Mtoto. Kila sikukuu nguo mpya juu ya ile ya zamani. Ya chini haivuliwi, maana ukivua utaona uso."

"Na wewe hiyo habari ya Mtoto unaiamini?"

"Naiamini," akasema, akashangaa kuulizwa. "Yule Mtoto nampenda. Lakini mtoto ana mama, au sivyo? Na mama tulikuwa naye."

Siku ya baraza la wazi nilikwenda kusikiliza. Mkulima mmoja alikuwa amefukua chungu shambani, cha kale kuliko Wajumbe wote, kimechorwa mama na mtoto na taa za sikukuu. Hoja ikawa: Asiyekuwepo aliwezaje kuwa na sikukuu yetu kabla sisi hatujawa nayo?

Wazungumzaji walikuwa wa vyama viwili. Bwana Fumba, mkuu wa Wavalishaji, mtu wa sauti laini na mikono yenye marashi, alisimama akasema jambo hili ni rahisi. "Huu ni wizi wa mapema. Mwizi wa kawaida huiba kilichopo. Mwizi hodari huiba kabla mwenye mali hajazaliwa. Asiyekuwepo alijua sisi tutakuja, akatuonea wivu, akatuibia taa, akatuibia maziwa, akatuibia na siku yenyewe. Sisi hatukuchukua kitu chake. Tumerudishiwa."

Watu wakapiga makofi. Ndipo akainuka Bwana Tindo, mkuu wa Wapasuaji, ambaye hutembea na nyundo kiunoni hata akienda kula.

"Kama ni mali ya wizi, mbona mnaivaa? Vunja chungu, vunja sanamu, ziba chemchemi! Mwenye Nyumba ana wivu, hataki hata harufu ya mwingine."

"Ukivunja," akasema Fumba, "wanawake watakwenda kuomba watoto wapi? Kwako?"

Baraza likacheka mpaka Tindo akaketi. Mimi nilicheka pia, ila nilibaki nikijiuliza: mtu asiyekuwepo huchukiwaje hivi? Kisha nikakumbuka sanduku la nyumbani, nikaacha kujiuliza.

Uchungu ulimshika Sikitu alfajiri. Tulikuwa chumbani mkunga, mimi, na Mwanjaa. Mkunga alikaa mbele. Mimi nilishika taa. Mwanjaa alikaa nyuma ya Sikitu, amemkumbatia chini ya makwapa ili aegemee, na alimshika vizuri, kwa muda mrefu, jasho linamtoka. Halafu kichwa cha mtoto kikaonekana. Nilikuwa namtazama Mwanjaa usoni. Alikiona kile kichwa chenye nywele, na mikono yake ikalegea yenyewe, ikaanguka pembeni kama kamba iliyokatika. Sikitu akaenda nyuma, hana pa kuegemea, akapiga ukelele: "Nandewa, nishike!"

Kwa sauti yake yote, bila chungu.

Nikatupa taa, nikamdaka. Mtoto akatoka, wa kike, mzima. Mwanjaa akaondoka bila kupiga kigelegele, na jua halijapanda sana askari wakaja.

Sheria ya Upyani kuhusu jambo hili ni fupi. Anayemwita Asiyekuwepo hutolewa langoni asirudi, na mtoto wake anyonyaye hupewa ndugu wa karibu mwenye wivu kuliko wote, kwa kuwa wivu ndio upendo. Ndugu huyo alikuwa Mwanjaa. Kesi iliwekwa asubuhi ya sikukuu, ndani ya nyumba ya ibada, kabla Bibi Mpya hajatolewa nje.

Mwanjaa alinikuta kisimani siku ya kabla yake.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Wewe na mimi tumekula sahani moja, mgeni. Langoni ulisema una wivu na maiti, mji mzima unajua. Mimi wangu yuko hai, namwona kila siku anatembea na tumbo. Nani kati yetu ana nafuu?"

Nikainama kuteka maji.

"Nitamlea vizuri," akasema. "Nguo zake nimezifua mimi. Unadhani sitamlea vizuri?"

"Utamlea vizuri," nikasema, na ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma. Mimi watoto ninaowalea ni wa marehemu. Wadogo wananiita mama. Yule mkubwa huniita wewe.

Asubuhi ya sikukuu nilimwona Bibi Mpya kwa mara ya kwanza. Nguo zilikuwa nyingi juu yake mpaka alikuwa mpana kama ghala, na kichwa ni kama kibuyu kidogo tu juu ya kilima cha vitambaa. Mlango ulikuwa ukibomolewa na kupanuliwa kila baada ya vizazi vichache apate kupita. Mwamuzi, mzee mwembamba aitwaye Kisaga, alikaa miguuni pake akipenga kamasi. Sikitu alipewa kigoda kwa sababu alikuwa bado na maumivu, mtoto titini.

"Mgeni," akaniuliza Mwamuzi, "ulikuwepo. Ulisikia nini?"

"Nilisikia mtu anazaa, mheshimiwa."

Wakacheka. "Alimwita nani?"

"Alimwita wa kumshika. Aliyekuwa amemshika alikuwa amemwachia."

Kicheko kikakatika. Mwanjaa alikuwa amesimama karibu na nguzo, na macho yake yalikwenda chini yasiinuke tena. Mwamuzi akasema hilo si la kesi, lililo la kesi ni jina.

Sikitu akainua mkono. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Yule pale ni nani?"

"Bibi Mpya."

"Hata chini ya nguo zote?"

"Chini ya nguo zote, mpaka ndani kabisa."

"Basi mimi ndiye niliyemwita, huyo wa ndani kabisa. Kama ni Bibi Mpya, kosa langu liko wapi? Na kama siye, mnambeba nani kila mwaka?"

Tindo akaruka, nyundo mkononi. "Mvueni! Mvueni tumwone, nimalize kazi!"

"Bibi havuliwi!" Fumba akajitupa mbele ya sanamu, amenyoosha mikono. "Babu yangu hakumvua, baba yangu hakumvua!"

Mwamuzi alipenga tena, akafikiri. Kama asingemvua, swali la yule mwanamke lingetoka nje na kuzunguka mji siku ya sikukuu. Akaamuru avuliwe. Lakini nani amvue? Nguo za sanamu lile zina maneno kwenye pindo, kama kanga zetu, na sheria inamkataza mwenyeji kusoma pindo la zamani kuliko baba yake. Wakageuka wakanitazama mimi. Nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua.

Nikapanda ngazi. Nguo ya juu kabisa, ya mwaka huo, ilisema: *Asiyekuwepo harudi.* Nikasoma kwa sauti kama nilivyoagizwa, nikaivua. Chini yake: *Nimekufunika, huna la kusema.* Nikaivua. *Kitanda kile kile, mlalaji mwingine.* Kila nguo ilimpiga kijembe aliye chini yake, kizazi kwa kizazi, na Wavalishaji wakitikisa vichwa kwa fahari kila wakisikia la babu zao. Nikafika kwenye moja ya bluu iliyochakaa: *Watoto wako ndio wanaoniita mama.* Hiyo niliisoma chini chini, nikaambiwa nirudie. Nikairudia.

Kadiri nilivyoshuka, nguo zikawa nyepesi na maneno yakapungua ukali. *Nami nina haki hapa.* Halafu: *Nipishe kidogo nikae.* Halafu, kwa herufi za mkono wa mtu asiyezoea kushona: *Mwenzangu, sogea.* Rundo lilikuwa limenifika magotini. Ikabaki moja, kitambaa kizito cha rangi ya majivu, kina mabaka ya maziwa makavu, na pindo lake halikuwa na neno.

"Soma," akasema Mwamuzi.

"Hakuna kitu. Alikuwa hajapata wa kumwonea wivu."

Kitambaa kile kilikuwa kimekauka kwa mafuta na maziwa ya miaka, kimesimama chenyewe katika umbo la mama aliyekaa, mkono umepinda kama anayepakata. Tindo akapanda hadi ubavuni mwangu, nyundo juu. Nikakiinua.

Ndani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na unga mwekundu wa mchwa, kiasi cha kujaza ungo, na mchwa mmoja aliyekuwa akitembea hana haraka.

Tindo alibaki na nyundo hewani. "Sasa nipige wapi?" akauliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa. Fumba alikaa chini juu ya rundo la nguo akalia kwa kwikwi. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, na najua nilichohisi: sikuhisi huruma. Nilihisi kama nimeibiwa. Wivu wote ule, vizazi vyote vile, na yeye alikuwa ameshaondoka zamani bila hata kuaga.

Nje ngoma zikaanza. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wanangoja Bibi atoke aone jua.

"Nguo peke yake haibebeki," akasema Fumba huku anajifuta. "Itaanguka njiani."

Wote tulikuwa tumegeuka upande mmoja. Sikitu alikuwa pale kwenye kigoda, mgongo umeinama kidogo, mkono umepinda, mtoto ananyonya. Akatuona.

"Msinitazame hivyo."

"Ni mwendo wa kuzunguka uwanja tu," akasema Mwamuzi, sauti imekuwa ya kubembeleza. "Tunakubeba. Hutembei hata hatua."

"Mwanangu simwachi."

"Nani kakwambia umwache? Bila mtoto haifai."

"Jina lake nitampa mimi. Na nikishushwa narudi kwangu, nina vyungu vinakauka."

"Utarudi."

"Na kesi?"

Mwamuzi akatazama baraza. "Kesi gani? Sheria inasema yule hayupo. Leo tumehakikisha kwa macho yetu kuwa hayupo. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kumwita ambaye hayupo."

"Basi sisi Wapasuaji tumeshinda?" akauliza Tindo.

"Nyote mmeshinda. Shusha nyundo, shika mpini wa kiti cha kumbebea."

Kile kitambaa cha majivu kilimkaa Sikitu kana kwamba alipimwa. Juu yake wakamvika chache tu, mtoto apate hewa, na ya mwisho ile ya mwaka huo. Akatoka nje mabegani mwa Wavalishaji na Wapasuaji pamoja, na watu walipomwona wakaguna.

"Mbona Bibi amepungua?"

"Amefunga kwa ajili yetu," akasema Fumba, machozi bado yanamtoka, na uwanja mzima ukapiga magoti.

Nilifuata nyuma. Mimi ni mgeni, sikupiga magoti, kwa hiyo niliona kila kitu. Nilimwona Mwanjaa. Yeye alikuwa ndani, alijua nani amekaa juu ya kiti kile. Lakini alijipenyeza kati ya watu, akapiga magoti matopeni, akashika pindo lenye maneno *Asiyekuwepo harudi*, akaliweka usoni.

"Mama," akasema, "nipe na mimi."

Wabebaji wakasimama, maana ni desturi anayeomba asikilizwe. Kutoka ndani ya nguo ikaja sauti, ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Wifi, njoo jioni umshike nioge. Na safari hii usiachie."

Mwanjaa hakuinua uso. Nilimwona mabega tu yanatikisika, na vidole vimeng'ang'ania lile pindo mpaka wakamwomba aliachilie, msafara upite.

Nami hapo ndipo wivu uliponikamata kuliko siku zote za safari. Sikumwonea wivu Sikitu kwa kubebwa, wala kwa mtoto. Nilimwonea wivu Mwanjaa. Wake, yule aliyekuwa akimwonea wivu, alikuwa na mdomo, na alimwambia, njoo.

Niliondoka msafara ukiwa bado haujamaliza kuzunguka. Langoni askari alikuwa palepale juu ya kinu chake. Ukitoka wanauliza tena, kuhakikisha hukupoteza ulichokuja nacho.

"Unamwonea nani wivu?"

"Yule yule."

"Vizuri," akasema, ameridhika. "Hujapona."

"Anaitwa Siwema," nikasema. "Mke mwenzangu. Watoto wamerithi meno yake, na mchuzi ninaopika niliufundishwa na binti yake. Siwema."

Ilinibidi nifungue lango mwenyewe, maana mikono yake yote miwili ilikuwa masikioni.